Maswali ya wasomaji: Jaji mmoja au raia 12?

Barua tatu tulizozipokea zinahusu jambo moja, nalo ni nani mwenye mamlaka ya kusema kwamba mtu ametenda kosa la jinai au hakutenda. Nimezijibu pamoja, na ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu ndiyo iliyouliza lililo zito zaidi.

SWALI

Assalamu alaykum. Mimi ni mwalimu mstaafu, nakaa Wete. Kijana wa dada yangu yuko rumande kwa tuhuma za mauaji, na kesi yake itasikilizwa na Mahakama Kuu, Chake Chake. Ninachokihofia ni kwamba jaji mmoja tu, mtu asiyetujua wala sisi hatumjui, ndiye atakayeamua kama kijana huyu ameua au hakuua. Katika televisheni tunaona kuwa Marekani na Uingereza huketi raia 12, na hao ndio wanaosema ana hatia au hana. Kwa nini na sisi tusiwe na utaratibu huo? Watu wa mtaani kwetu wanamjua kijana huyu tangu yumo skuli. Na je, jaji akiwa na lake moyoni, si ndiyo kesi ya ngedere kupelekewa nyani?

Mwalimu mstaafu, Wete

JIBU

Waalaykumu ssalaam, Mwalimu. Nakupa pole wewe na dada yako, kwani kuwa na kijana rumande ni mtihani kwa nyumba nzima. Shauri la mpwa wako liko mahakamani, kwa hivyo sitaligusa. Nitajibu uliyoyauliza kwa ujumla wake, na pale ninapoona kuwa hofu yako ina msingi sitakuficha.

Hapa Zanzibar hatuna juri. Kesi ya mauaji husikilizwa na Mahakama Kuu, na jaji ndiye anayeamua yote mawili: mambo gani yametokea, na sheria inasema nini juu ya mambo hayo. Katika nchi ulizozitaja kazi hizo zimegawanywa. Jaji anasimamia sheria na mwenendo wa kesi, na raia waliotolewa kwa bahati nasibu katika orodha ya wakaazi ndio wanaoamua kilichotokea. Wakishasikiliza ushahidi huingia chumbani kwao, wakajadiliana mlango ukiwa umefungwa, kisha hutoka na jibu. Marekani, katika makosa mazito, ni lazima juri nzima ikubaliane. Uingereza jaji anaweza hatimaye kupokea uamuzi wa 10 kati ya 12.

Utaratibu huo una heshima yake, na heshima hiyo ilipatikana kwa tabu. Mwaka 1670 mjini London, William Penn na William Mead walishtakiwa kwa mkusanyiko usio halali baada ya Penn kuhubiri barabarani. Wanajuri wakakataa kuwatia hatiani. Wakafungiwa bila ya chakula wala maji ili wabadilishe kauli, na walipokataa tena wakatozwa faini, na waliogoma kulipa wakatiwa gerezani. Mmoja wao, Edward Bushell, alipinga kufungwa kwake, na Jaji Mkuu John Vaughan akaamua kwamba mwanajuri hawezi kuadhibiwa kwa sababu ya uamuzi aliouona kuwa ni wa haki. Kwa hivyo, Mwalimu, khofu uliyonayo wewe leo, ya kwamba jaji anaweza kuwa na lake, au kuwa na mkubwa anayemwangalia, ndiyo iliyolipa nguvu juri la Waingereza zaidi ya miaka 350 iliyopita. Si khofu ya mjinga, na sitaki mtu akudharau kwa kuwa nayo.

Sasa lipo jambo moja ambalo filamu hazituoneshi. Juri haitoi sababu. Ikitoka chumbani inasema ana hatia, au hana hatia, basi. Uingereza ni kosa kisheria kwa mwanajuri kufichua kilichozungumzwa mle ndani. Kama walimwamini shahidi wa pili wakamkataa wa tano, kama walipiga hesabu vibaya ya masaa, kama mmoja wao hakuipenda sura ya mshitakiwa, hayo hayaandikwi popote. Mtu anaweza kufungwa maisha na asijue hata siku moja ni kipande gani cha ushahidi kilichomfunga.

Jaji wa kwetu hana ruhusa hiyo. Sheria inamtaka aandike hukumu yenye mambo yanayobishaniwa, uamuzi wake juu ya kila moja, na sababu za uamuzi huo. Nitakupa mfano mmoja, kwani hapa ndipo penye roho ya jawabu langu. Tuseme shahidi anadai kwamba alimwona mshitakiwa usiku, akitoka mbio uani mwa marehemu. Katika shauri la Waziri Amani, lililoamuliwa mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, na kwamba mahakama isimtie mtu hatiani kwa ushahidi huo mpaka uwezekano wote wa kukosea uwe umeondoka. Jaji anatakiwa ajiulize: shahidi alimwangalia mtu huyo kwa muda gani, kutoka umbali gani, kulikuwa na mwangaza wa namna gani, na je, alikuwa akimjua kabla ya hapo? Basi ikiwa mwangaza ulikuwa wa koroboi, jaji aseme koroboi hiyo ilikuwa wapi, ilikuwa ikitoa mwanga wa kiasi gani, na ulifika au haukufika pale aliposimama mtu aliyeonekana. Kama shahidi anasema alimtambua papo hapo lakini hakumtaja kwa mtu yeyote mpaka zimepita siku, jaji aeleze kwa nini bado anamwamini. Asipoyaeleza hayo, wakili wa mpwa wako ana pa kushika.

Na pa kushika ndipo panapomwokoa mtu. Rufaa kutoka Mahakama Kuu ya Zanzibar katika kesi za jinai huenda Mahakama ya Rufani ya Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1979, ambako huketi majaji watatu. Rufaa ikiwa ya kwanza, majaji hao hawaangalii vifungu vya sheria peke yake; wanaupima upya ushahidi wote ulio katika mwenendo wa kesi na wanaweza kufikia uamuzi wao wenyewe. Hivyo yule jaji mmoja unayemhofia, kwa hakika, anaandika akijua kuwa wenzake watatu wanaweza kumsoma mstari kwa mstari.

Wengi walifuatilia katika televisheni kesi ya mkimbiaji wa Afrika Kusini, Oscar Pistorius, aliyempiga risasi mpenzi wake, Reeva Steenkamp, kupitia mlango wa choo mwezi wa Februari 2013. Afrika Kusini ilifuta juri kwa sheria ya mwaka 1969, kwa hivyo kesi ile ilisikilizwa na Jaji Thokozile Masipa akiwa na washauri wawili. Mwaka 2014 alimwona ana hatia ya kuua bila ya kukusudia, na akaisoma hukumu yake pamoja na sababu zake mbele ya dunia nzima. Waendesha mashtaka wakazichukua sababu zile zile wakaenda nazo Mahakama ya Juu ya Rufaa, na mwezi wa Disemba 2015 mahakama hiyo ikasema kwamba jaji alikosea namna ya kuitumia sheria ya kukusudia, na kwamba kulikuwa na ushahidi ambao hakuuzingatia. Kosa likabadilishwa kuwa mauaji, na kifungo kikaishia kuwa miaka 13 na miezi 5. Mtu anaweza kuridhika au asiridhike na matokeo yale. Lakini kama juri ndiyo iliyosema kwamba hakuua kwa kukusudia, pasingekuwa na karatasi ya kuikosoa.

Umeandika pia kwamba watu wa mtaani kwenu wanamjua kijana wenu tangu yumo skuli. Hapa ningekuomba ufikiri tena. Wanajuri unaowaona katika filamu huchaguliwa kwa sababu hawamjui mshitakiwa. Anayemjua, au anayemjua marehemu, huondolewa. Pemba yetu unaijua kuliko mimi. Ukitafuta watu 12 katika Wete ambao si ndugu, si wakwe, hawakusoma pamoja na mmoja wao, hawadaiani, wala hawakulisikia jambo hili barazani wakajifanyia uamuzi wao, utawapata wapi? Anayemjua mpwa wako kwa wema atamjua na marehemu kwa wema. Na tusisahau tulikopita. Baada ya uchaguzi wa 1995 mpaka kufikia maridhiano na kura ya maoni ya Julai 2010, palikuwa na vijiji ambavyo watu wa vyama viwili hawakuzikana wala hawakuuziana dukani. Mimi nisingependa roho ya mshitakiwa iwe mikononi mwa watu 12 katika hali kama ile, bila ya yeyote kati yao kulazimika kueleza kwa nini ameamua alivyoamua.

Mwalimu, kwa umri wako bila ya shaka unazikumbuka mahakama za wananchi. Sheria ya mwaka 1969 iliwaweka kando mahakimu wenye taaluma katika kesi za jinai na kuwakalisha watu wasio na elimu ya sheria, walioteuliwa na Rais. Mawakili hawakuruhusiwa kuingia kuwatetea washitakiwa. Sababu zilizotolewa zilikuwa nzuri kuzisikia: sheria iwe karibu na watu, lugha iwe ya watu, kesi zisichukue miaka. Ni mahakama hizo zilizosikiliza kesi ya uhaini iliyofuata kuuawa kwa Mzee Abeid Amani Karume tarehe 7 Aprili 1972. Washitakiwa walikuwa 81, baadhi yao wakiwa Bara na wakihukumiwa bila ya kuwapo, akiwemo Abdulrahman Babu aliyehukumiwa kifo. Mashtaka ya uzito ule yaliamuliwa pasi na wakili hata mmoja wa kusimama upande wa mshitakiwa. Mahakama hizo zilifutwa mwaka 1985, na wenye taaluma wakarudi katika viti vyao, na mawakili wakarudi pamoja nao. Najua kwamba juri huru inayosimamiwa na jaji si sawa na mahakama zile. Siwezi kuzilinganisha moja kwa moja. Ninachosema ni kwamba raia wa kawaida kukaa kitini hakumpi mshitakiwa kinga kama hakuna wakili, hakuna sababu zilizoandikwa na hakuna rufaa ya kweli.

Limebaki lile la ngedere na nyani. Kama familia ina sababu ya msingi ya kuamini kwamba jaji ana maslahi katika kesi, kwa mfano ana udugu na upande wa marehemu, wakili anaweza kumwomba ajitoe, na ombi hilo hutolewa mahakamani waziwazi na hujibiwa kwa maandishi. Lifanywe mapema, na liwe na ushahidi. Manung'uniko ya nje ya mahakama hayamsaidii kijana. Muhimu zaidi kuliko hilo ni wakili mwenyewe. Kama hamna uwezo wa kumlipa, ulizieni msaada wa kisheria sasa hivi, kabla shahidi wa kwanza hajasimama, kwa sababu suali ambalo halikuulizwa katika kumhoji shahidi haliwezi kuulizwa tena kwenye rufaa.

Ukiniuliza langu mimi, ningependa kesi za mauaji zisisikilizwe na mtu mmoja. Kule Afrika Kusini wale washauri wawili hupiga kura sawa na jaji juu ya kilichotokea, na wakiwa wawili dhidi ya mmoja, wawili ndio wanaoshinda, lakini sababu bado huandikwa. Huo naona ni utaratibu wa kuutafakari hapa visiwani: vichwa vitatu, na hukumu iliyoandikwa. Kwa hilo niko pamoja nawe.

SWALI

Mimi ni mwanafunzi wa sheria, Tunguu. Mhadhiri wetu alitaja wazee wa baraza waliokuwa wakikaa na majaji Tanzania Bara. Je, hao hawakuwa juri kwa jina jengine? Na kwa nini Waingereza hawakutuletea juri yao ilhali walituletea sheria zao?

Mwanafunzi, Tunguu

JIBU

Hawakuwa juri. Katika Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya Tanzania Bara, kesi za Mahakama Kuu zilisikilizwa na jaji akisaidiwa na wazee wa baraza wawili au zaidi. Mwisho wa kesi jaji aliwaelezea ushahidi kwa muhtasari, kila mmoja akatoa maoni yake kwa mdomo, lakini maoni hayo hayakumfunga jaji. Angeweza kuyakataa yote, akatoa sababu zake. Tangu mabadiliko ya mwaka 2022 kuwatumia wazee hao si lazima tena. Jaji huwaita akiona haja. Lipo la kujifunza katika historia yao. Mara nyingi Mahakama ya Rufani ilizifuta hukumu, na wakati mwengine ikaamuru kesi ianze upya, kwa sababu jaji hakuwaelekeza wazee wa baraza ipasavyo au hakuwapa nafasi ya kushiriki kama sheria ilivyotaka. Fikiria mshitakiwa aliyekaa gerezani miaka akisubiri rufaa, halafu anaambiwa mambo yaanze mwanzo, na mashahidi wengine wameshafariki.

Kuhusu suali lako la pili, Waingereza waliipeleka juri kule walikoamini kuna watu wa kuwaamini, na kwa macho yao hao walikuwa Wazungu. Kenya ya kikoloni ndiyo mfano wa wazi: Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake, na Mwafrika alikuwa na jaji na wazee wa baraza tu. Juri ile iliondoka pamoja na ukoloni.

Zanzibar sheria nyingi zilitufikia kwa njia ya India. Mahakama ya balozi wa Uingereza hapa ilihesabiwa kama ya wilaya moja ya Bombay, na Kanuni ya Adhabu ya India ndiyo iliyotumika ndani yake. Kwa hivyo inafaa ujue India iliifanyia nini juri. Mwaka 1959 ofisa wa jeshi la majini, Kawas Nanavati, alimpiga risasi na kumuua mfanyabiashara Prem Ahuja aliyekuwa na uhusiano na mke wake, kisha akaenda mwenyewe kujisalimisha. Gazeti moja la Bombay lilimpigia debe wiki baada ya wiki, na umati ukimshangilia nje ya mahakama. Wanajuri 8 dhidi ya 1 wakasema hana hatia. Jaji akaona kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angeweza kufika hapo kwa ushahidi ule, akalipeleka shauri Mahakama Kuu, ambako Nanavati alitiwa hatiani. Mahakama ya Juu ikakubaliana nayo mwaka 1961. Sheria mpya ya mwenendo wa jinai ya mwaka 1973 haikuiacha nafasi yoyote ya juri. Usome shauri hilo. Ni refu, lakini utaona namna ushahidi ule ule unavyosomeka ukipimwa kwa maandishi badala ya kupimwa kwa shangwe za barabarani.

SWALI

Ndugu yangu wa kiume ametiwa hatiani na Mahakama Kuu. Siku ya hukumu nilikuwepo, lakini jaji alisoma haraka na sikuelewa ameamini nini na amekataa nini. Je, mimi kama dada nina haki ya kuipata hukumu hiyo? Na nikiipata kwa Kiingereza nifanye nini?

Msomaji wa kike, Mkoani

JIBU

Pole sana, dada yangu. Hukumu ikishatolewa mahakamani ni ya wazi. Ndugu yako ana haki ya kupewa nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi kwa ajili ya rufaa, na wakili wake au nyinyi kwa niaba yake mwaweza kuandika barua ya kuiomba kwa Mrajis wa Mahakama Kuu. Wekeni nakala ya barua hiyo iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Lakini msikae kuisubiri hukumu ndipo mfikirie rufaa: taarifa ya kusudio la kukata rufaa Mahakama ya Rufani hutakiwa kuwasilishwa ndani ya siku 30 tangu siku ya uamuzi, na mtu aliye gerezani anaweza kuiwasilisha kupitia kwa mkuu wa gereza. Kama siku hizo zimekaribia, liacheni kila jambo mlishughulikie hili.

Kuhusu lugha, hapo naungana nawe kwa uchungu. Nimetumia nafasi kubwa ya ukurasa huu kusema kwamba sababu zilizoandikwa ndiyo kinga ya mshitakiwa, na bado hukumu nyingi za mahakama zetu za juu zimeandikwa kwa Kiingereza, lugha ambayo aliyefungwa na mama yake hawaisomi. Kinga ambayo mwenyewe haioni ni nusu ya kinga. Naamini hukumu ya jinai ingepaswa kutoka siku hiyo hiyo na muhtasari wa Kiswahili, ukurasa mmoja au miwili, unaosema mashahidi gani wameaminiwa na kwa nini. Hadi hapo, mwombeni wakili akae nanyi aifasiri fungu kwa fungu, na msione haya kumkatiza kila mnapoachwa nyuma.

Hukumu za Mahakama ya Rufani, zikiwemo zinazotoka Zanzibar, zinapatikana bila ya malipo katika mtandao wa TanzLII. Kijana yeyote wa nyumbani mwenye simu anaweza kukutafutia. Utakuta humo pia mashauri yaliyowahi kututikisa. Watu 18 wa chama cha CUF walishtakiwa kwa uhaini hapa Zanzibar, wengine wakiwa ndani tangu mwishoni mwa 1997. Mwezi wa Novemba 2000, katika shauri linalojulikana kwa jina la Machano Khamis Ali na wenzake, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar peke yake si dola kamili mbele ya sheria. Washitakiwa walitoka. Miaka karibu mitatu ya rumande hawakurudishiwa, na hilo ni deni ambalo majaji wenye taaluma nao wanalo, lakini sababu zile ziliandikwa na mpaka leo mtu anaweza kuzifungua akazisoma.

Kwa shauri la ndugu yako, ukiipata hukumu anza na fungu linalotaja mambo yanayobishaniwa, kisha tafuta ni wapi jaji amewataja mashahidi wa upande wenu. Kama wametajwa majina tu na ushahidi wao haukupimwa, mwoneshe wakili mahali hapo kwanza.